Maulidi ya Nane

Timia, 20 Rajabu 1380

Kwa Mwalimu Kazelma Kiari, imamu wa Fachi, aliyenifundisha kushika kalamu, kisha akanioza binti yake.

Baba Mwalimu, nakuamkia kwa unyenyekevu. Sisi huku milimani ni wazima. Baridi imeuma mwaka huu hata mbuzi wanalala jikoni. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Yakura anakusugua yale mafuta niliyoleta.

Naandika juu ya Maulidi ijayo, ambayo ni ya nane. Mwaka uliponioza, Maulidi iliangukia katikati ya majira ya msafara: ngamia wamenona, majani yamekatwa na kukaushwa, upepo wa baridi umeanza, na nusu ya Timia iko njiani kuja kwenu kuuza mtama na kununua chumvi na tende. Kufika kwenu siku ile hakukuwa mtihani. Lakini Maulidi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na jua la jangwani halirudi nyuma pamoja nayo. Ya saba nilivuka peke yangu, wiki sita kabla ya wenzangu, nikaacha ngamia watano mchangani. Ijayo itaangukia mwezi ambao Wafaransa wanauita Agosti. Wakati huo mifugo yote iko Ingal kwenye malisho ya chumvi, na watu wako huko kwa ngoma na harusi. Majani mapya yatakuwa bado mabichi, ya zamani yamekwisha, na kutoka kisima cha Mti mpaka Fachi, mwendo wa siku tano, hakuna kivuli cha kumtosha hata mjusi.

Nilimweleza hayo binamu yangu Efad, mkuu wa msafara wetu. Akacheka mpaka chai ikammwagikia. "We Ghumur! Umeoa mke mmoja au umeoa mji mzima? Wenzako wanakwenda Fachi kununua chumvi, wewe unakwenda kununua kaburi!" Nikamwambia, "Ngoja uone nitakavyomleta." Akasema, "Mlete mwezi wa kumi, kama watu."

Basi ombi langu ndilo hilo. Uniruhusu Maulidi hii moja nije na msafara wa Efad, miezi miwili baadaye, na mizigo ishirini ya mtama badala ya kumi. Uihesabu kuwa ya nane, nami niondoke na mke wangu kama tulivyoandikiana.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Ghumur wa Attaher

*

Fachi, 5 Ramadhani 1380

Mwanangu Ghumur,

Rehema za Mola zikufikie hapo ulipo. Barua yako imenikuta nimefunga, nami nimeisoma mara mbili, mara moja kama mzazi na mara moja kama shahidi. Mzazi alisikitika. Shahidi hana ruhusa ya kusikitika.

Nakukumbusha tulivyoandikiana, kwa kuwa wawili kati ya mashahidi watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ya kwamba Yakura atakaa Fachi, nyumbani kwangu. Ya kwamba wewe utafika kila Maulidi, kabla ya adhuhuri ya siku ya kumi na mbili Mfungo Sita, na mizigo kumi ya mtama. Ya kwamba ukitimiza Maulidi nane mfululizo utamchukua umpeleke kwenu bila mtu kukuzuia. Na ukikosa moja, hesabu itaanza upya. Ulitia kidole katika wino ukacheka, ukasema, "Nane tu, Mwalimu? Ningekupa ishirini." Mimi sikukulazimisha kucheka.

Nabii Musa, alipokimbilia Madyana, alichunga mifugo ya mkwewe miaka minane kwa ajili ya mke, na wanazuoni wanasema aliongeza miwili kwa ukarimu wake. Hatukusikia kwamba aliomba apunguziwe miezi miwili.

Jirani yangu Mele alinijia akaniambia, "Mwalimu, mlegezee kijana. Wewe mwenyewe unalijua jua la Agosti." Nikamjibu, "Mele, leo mchana kiu ilikushika na mtungi ulikuwa karibu. Mbona hukunywa?" Akainuka akaenda zake. Ahadi inayovunjwa na joto haikuwa ahadi, ilikuwa maongezi ya jioni.

Kuhusu mwenzio, nimemwarifu. Ameinamisha kichwa, nami nimeuchukua ukimya wake kuwa ridhaa.

Usinidhanie kwamba nina moyo mgumu. Mama yake amekufa, kaka zake wamehamia Kano, na sauti pekee inayobaki nyumbani mwangu ni ya mchi wake anapotwanga. Lakini hilo haliingii katika hukumu, wala nisingependa ulifikirie.

Nakungoja Maulidi, mwanangu, na mizigo kumi.

Kazelma Kiari, imamu

*

Fachi, 2 Mfungo Mosi 1380

Ghumur,

Idi njema kwako na kwa mama.

Baba ameniambia umemwandikia. Barua hakunisomea. Alisema tu, "Mumeo amechoka na sharti, anaomba afunguliwe," kisha akaniagiza nimletee maji ya kutawadha.

Sijui habari imetokaje ndani ya nyumba, lakini jana kisimani wanawake walikuwa wameshaipata. Yagana akaniita mbele ya wote, "Yakura! Kumbe ule mlima wako ulikuwa kichuguu!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana asiyecheka pale huulizwa ana nini.

Miaka saba sasa nimefunga mzigo wangu kila inapokaribia Maulidi, kisha nikaufungua. Nguo za baridi za milimani ulizoninunulia zimeliwa na wadudu kabla sijazivaa. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu nilikuwa nikihesabu, na hesabu ilikuwa imebaki moja.

Kama umechoka, useme mwenyewe, usipitie kwa baba. Kama hukuchoka, uje Maulidi. Usije na wale wa mwezi wa kumi wanaokuja kununua chumvi. Mimi si chumvi.

Yakura

*

Timia, 20 Mfungo Pili 1380

Yakura,

Barua hii nimempa mpishi wa askari wa doria, wale wanaopita huko kwa lori na kubeba barua, akutie mkononi wewe mwenyewe.

Sikuomba kufunguliwa. Niliomba miezi miwili, na badala ya mizigo kumi nikaahidi ishirini. Barua yangu iko kwa baba yako, naye hatupi karatasi yenye maandishi. Lakini sikuombi uitafute. Ukishaniambia nije, yamekwisha, nitakuja.

Nimezuia ngamia kumi na sita. Mwaka huu hawataiona Ingal. Wenye ngamia wenzangu wananiangalia kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Majani hakuna, basi siku ya kuondoka nitaezua paa la nyumba ya mama. Ni majani ya miaka mitatu, lakini ngamia mwenye njaa hana maringo. Nilipomwambia, mama alinitazama akasema, "Haya, mwanangu. Na kitanda je? Mti hawali?" Kisha akasema mvua ikinyesha atakuja kulala kwako Fachi.

Funga mzigo wako. Mwambie Yagana mlima unakuja.

Ghumur

*

Fachi, 15 Mfungo Nne 1381

Ghumur, usije.

Nimeupekua mkoba wa baba alipokuwa msikitini. Barua yako nimeiona, na hiyo mizigo ishirini nimeiona. Chini yake nikakuta karatasi nyingine, mwandiko wake mwenyewe, ya siku tatu kabla ya ndoa yetu. Amezipanga Maulidi nane, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja ameandika hali ya jangwa. Ya kwanza: baridi, majani tele. Ya nne: joto mchana. Ya sita: majani haba. Ya nane: hakuna avukaye.

Nilikaa chini pale pale. Hakukukataa, Ghumur, kwa kuwa ulikuwa mwanafunzi wake aliyempenda, na watu wangemlaumu. Aliliachia jua likukatae. Nami kwa barua yangu ya Idi nimekusukuma huko huko alikotaka uende.

Nisamehe maneno yale. Njoo mwezi wa kumi na Efad. Hesabu ianze upya kama inapenda kuanza, tutatafuta njia, tutaomba kadhi wa Bilma. Mimi nitakaa. Ni nafuu nikungoje miaka mingine kuliko nikufanyie eda.

Barua za mji mzima hukusanywa barazani kwetu, katika mfuko wa doria. Nimeichomeka hii katikati ya za watu wengine wakati baba amesinzia. Ikikufikia, mrudishie mama paa lake.

Wako, Yakura

*

Kisima cha Mti, 6 Mfungo Sita 1381

Binamu Efad,

Nimewakuta askari wa doria hapa wakirudi Agadez, wamekubali kukuchukulia barua hii. Andiko ni baya kwa sababu kidole kimevimba.

Ngamia wamebaki tisa. Saba walilala, mmoja baada ya mwingine, tangu tulipotoka kwenye mawe ya milimani. Hawakuugua, walipiga magoti tu wakakataa. Paa la mama limekwisha siku ya nne. Viatu vyangu vimeachana na nyayo na sasa natembea nimejifunga vitambaa, kwa kuwa siwezi kumpanda ngamia aliyebeba mtama wangu. Viriba viwili vimepasuka. Mizigo ninayo tisa. Wa kumi nitaeleza nitakapofika. Mwalimu wangu hatanikatalia kwa mzigo mmoja.

Koplo wao alinitazama akasema, "Panda lori, mzee, acha wazimu." Nikamwuliza, "Lori lako linakwenda Fachi?" Akasema, "Linakwenda Agadez." Nikamwambia, "Basi umepotea njia, si mimi."

Tangu Idi sijapata neno lingine kutoka kwa Yakura. Ukimya wake naujua. Amekwisha kufunga mzigo, ananingoja.

Kama sitarudi kabla hamjakata majani, mjengee mama nyumba yake.

Ghumur

*

Fachi, 20 Mfungo Sita 1381

Kwa mwanangu Ghumur, katika zahanati ya Bilma.

Ashukuriwe Mola katika kila hali. Nimepata habari kwamba tabibu amekukata vidole vitatu vya mguu wa kulia, na kwamba homa imepungua. Tulikusomea dua baada ya Ijumaa.

Watu wamekuwa wakali juu yangu, kwa hiyo nataka hukumu uipate kutoka kwangu, si kwa wapita njia. Ulifika siku ya kumi na mbili, kabla ya adhuhuri, nasi tumekaa tukisoma Maulidi. Wakati ulikuwa sahihi. Hilo nalishuhudia na nitalishuhudia kesho kiyama. Ulifika na ngamia wanne na mizigo minne. Ulipoanguka langoni pa mji, watu waliacha kisomo wakakukimbilia. Mimi niliendelea mpaka mwisho wa mlango wa kisomo tuliokuwamo, kwa kuwa sifa za Mtume hazikatizwi.

Mele akapaza sauti, "Mwalimu, mhesabie! Kafika!" Na yule Yagana, mbele za wanaume na bila kujifunika, akasema, "Na ngamia waliokufa wahesabu! Nao walikuwa wanakuja!" Niliwajibu kwa upole kwamba aliyeahidi kumi akaleta minne ameleta minne. Mtu akipunguza rakaa katika sala kwa sababu miguu inamuuma, akisema Mungu anaona uchovu wangu, je, sala yake imetimia? Walitawanyika, ingawa si kwa kuridhika.

Mtama wako ulipikwa siku ile ile, mji wote ukala, nao wakakuombea. Ulikuwa mtama mzuri.

Basi hesabu inaanza upya. Sikutenganishi na mkeo, na asemaye hivyo anazua. Nimeiandika karatasi mpya, nimeiambatisha hapa. Na ili kesho usiseme hukuambiwa, nakueleza wazi: mwakani itaangukia Agosti tena, kisha itaingia Julai, kisha Juni, na ya nane itakuwa mwishoni mwa Mei. Ukiona ni vigumu, hakuna anayekulazimisha. Ukiona ni rahisi, tia kidole.

Mzazi wako katika elimu,
Kazelma Kiari

*

Fachi, 14 Mfungo Nane 1381

Shemeji Efad,

Yagana atakupa karatasi mbili kambini. Hii ni yako. Najua unasoma polepole. Basi soma polepole, kisha ichome. Ile iliyoshonwa kwa uzi ni ya Ghumur.

Umesikia kwamba ametia kidole. Kabla askari hawajampeleka Bilma alilala hapa siku tatu, nami nilimwonyesha karatasi ya baba, nikamsihi asikubali tena. Alicheka kwa midomo ile iliyopasuka. "Nimevuka mara nane, Yakura. Nane nyingine ni nini?" Hapo ndipo nilipojua kwamba nitamuua. Safari hii amelivuka jua la Agosti na ngamia kumi na sita. Sasa amebaki na ngamia wanne, hana vidole, na Maulidi inaelekea Mei. Maadamu anaamini namngoja, atakuja, na ataendelea kuja mpaka asifike.

Ile barua yangu ya kumkataza asije nimeikuta juzi katika mkoba wa baba, haijafunguliwa. Hakuwa na haja ya kuisoma.

Nilikuomba unichukue katika msafara. Ulinijibu kwamba msafara hauibi mabinti wa wenyeji wake. Kwamba nikipanda ngamia wako, Timia na Fachi hawatauziana tena, na watoto wa hapa watalala njaa. Sikulaumu. Nimewatazama watoto hao, nawajua majina.

Basi nifanyie hili dogo. Mpe barua ile na bangili zilizomo. Akikuuliza nilikuwaje, mwambie nimenenepa. Mwambie ulinisikia nikicheka na wenzangu. Akilia, usiwe na huruma, kwa sababu ukimwonea huruma utamwambia.

Yakura

*

Fachi, 14 Mfungo Nane 1381

Ghumur,

Nilikuona langoni siku ile, umebebwa kama gunia lililotoboka. Nilidhani nitalia. Niliona aibu.

Miaka minane nimeolewa na habari za ngamia. Ukija unazungumza ngamia, ukilala unaota ngamia, na siku zote ulizokaa nami nikizijumlisha hazifiki mwaka mmoja. Wenzangu wana watoto. Mimi nina sifa ya kungoja, na sifa hailishwi wala haikui.

Nikwambie jambo ambalo sikuweza kukwambia usoni. Sharti lile si la baba. Mimi ndiye niliyemwomba, tangu mwanzo, akuwekee jambo litakalokushinda, kwa kuwa alikupenda na hakutaka kukukataa, nami sikukutaka. Na karatasi niliyokuonyesha aliiandika kwa ombi langu. Nilikuonyesha ili ukate tamaa, nawe hukukata. Ulinichosha, Ghumur. Hata kukukataa ni kazi.

Bangili zako hizi. Nakurudishia mahari unipe talaka yangu. Ukija tena, kwa Maulidi au kwa msafara, mlango hautafunguliwa, na wanawake wa kisimani watapata kicheko cha mwaka mzima.

Yakura binti Kazelma

*

Timia, 9 Mfungo Tisa 1381

Baba Mwalimu,

Bangili zimefika. Kwa barua hii nimempa Yakura binti Kazelma talaka yake kwa kujivua kwake, mbele ya mashahidi wawili, binamu yangu Efad na imamu wetu wa hapa, ambao wametia majina yao chini. Nakuomba uirarue ile karatasi mpya.

Naandika pia kukutaka radhi. Nilipokuwa kitandani Bilma nilikuwazia mabaya, nikakuita kwa majina ambayo mwanafunzi hamwiti mwalimu wake hata akiwa na homa. Nilidhani umenitega. Sasa Yakura ameniandikia kila kitu, nami nimekuelewa. Miaka yote hii uliibeba siri ya binti yako, ukakubali kuonekana katili mbele ya mji mzima ili mimi nisiaibike. Kila barua yako ilikuwa ikinionya nigeuke, nami nilisoma maneno tu. Ulinifundisha kusoma ukiwa na subira kubwa, na bado sikujua kusoma.

Efad anasema amenenepa, na kwamba alimsikia akicheka na wenzake. Nimefurahi. Nilimwambia Efad kwamba nimefurahi, naye akatoka nje ghafla, akasema moshi umemwingia machoni. Huwa hana moyo mwepesi hivyo.

Mama amenitafutia binti wa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Harusi itakuwa Mfungo Mosi, Mungu akipenda. Simfahamu vizuri, lakini nitakuwa nyumbani kila siku, nitamfahamu. Ngamia wanne walioko kwenu wawe wako. Mmoja, yule mwenye kovu shingoni, humkubali Yakura peke yake. Akitaka kumuuza, amuuze.

Maulidi ijayo, mtakapofika mahali pa dua, unitaje. Mimi nitakutaja wewe hapa, maisha yangu yote, kwa kuwa baada ya baba yangu mzazi sikumjua mtu aliyenitendea wema kama wewe.

Mwanafunzi wako,
Ghumur wa Attaher